Jumanne Niliyosomwa Redioni

Redio ilitangaza kifo changu Jumanne alasiri, nikiwa na miaka sita, nimeketi chini ya meza ya cherehani nikipanga vifungo kwa rangi. Majina yangu yalisomwa yote matatu, polepole, la ubatizo, la nyumbani na la ukoo, kisha likafuata jina la baba yangu na la kijiji chetu huko milima ya Kathiani. Mazishi yangekuwa Jumamosi. Watu wote walikaribishwa.

Nieleze mapema, msomaji asije akahangaika kama nilivyohangaika mimi. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la mzazi wa mzazi wake, na mimi, binti wa kwanza, nilipewa la mama yake baba. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kufanya mambo nusunusu. Walinipa majina yake yote, hata lile la ubatizo. Aliyekufa alikuwa yeye. Lakini mimi nilimjua kwa neno moja tu, Susu, yaani nyanya, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Susu ana jina lingine. Baba naye, kwa kuwa nilibeba jina la mamake, aliniita mwaitu, mama yangu, tangu siku niliyozaliwa. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nilijiona mkubwa.

Sasa hiyo redio. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga mjini Machakos, kwenye ploti ya vyumba tisa na bomba moja. Mama alikuwa fundi wa nguo na chumba hichohicho kilikuwa duka lake; upande mmoja kitanda na pazia, upande mwingine cherehani na marundo ya sare za shule. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia unga karibu na soko. Alirudi jioni mweupe hadi kwenye kope, na mashine zilikuwa zimemharibu masikio, kwa hiyo redio yetu ilibidi ingurume ndipo naye aambulie kitu. Mama aliiwasha kabla ya kuwasha jiko. Ilizimwa tukiingia kitandani. Tukienda sokoni tuliiacha ikiongea peke yake ili wezi wadhani kuna watu, na betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati zirudishe nguvu. Mama angeweza kunywa chai bila sukari wiki nzima, lakini si kukaa bila betri.

"Hii ndiyo inanilea mtoto," aliwaambia wateja, wakicheka wote.

Hakuwa akitania sana. Nilikuwa mtoto mtulivu, wa kuwekwa mahali na kukutwa hapohapo. Watu walimsifu mama kwa utulivu wangu. Ningependa kumrudia kila mmoja wao leo nimwambie kwamba mtoto anayekaa kimya siku nzima karibu na redio si mtulivu, anasikiliza. Mama mwenyewe hakuwa akiisikia. Ungemuuliza kumesemwa nini dakika ile, hangejua hata kama ni mwanamume au mwanamke aliyekuwa akizungumza. Kwake ilikuwa kama harufu ya mafuta ya cherehani. Ilikuwepo, basi.

Mimi niliisikia yote. Nilisikia basi lililotumbukia mtoni na idadi ya waliotolewa. Nilisikia watoto wa nyumba moja waliokula uyoga wenye sumu, na mtu aliyechomwa moto na umati kwa sababu ya kuku, na msichana wa miaka sita, miaka yangu, aliyezama bwawani akiteka maji. Kila alasiri ulipigwa muziki fulani wa polepole, wa kinanda, na baada yake yakaja matangazo ya vifo. Tumbo lilianza kuniuma tangu sauti ya kwanza ya kile kinanda. Nilidhani ndivyo matumbo ya watoto wote yalivyo saa hiyo.

Na kwa kuwa hakuna aliyenieleza, nilijieleza mwenyewe. Mama mwenye ploti yetu, mwanamke mnene aliyejua siri za vyumba vyote tisa, alikuwa na msemo wake akileta umbea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliuchukua msemo huo nikaufanya sheria. Redio hutaja kwanza, kifo hufuata. Nilikuwa na ushahidi. Kulikuwa na mzee aliyetuuzia mayai, niliyemwona kwa macho yangu akikohoa kidogo pale mlangoni. Siku chache baadaye akasomwa redioni, na Jumamosi yake nusu ya ploti ikavaa nguo za heshima ikaenda kumzika. Sikumwona tena. Kwa hesabu yangu, yule mtu wa redio ndiye aliyeamua, na aliamua alasiri.

Sasa rudi Jumanne ile. Nilisikia majina yangu nikiwa na kifungo cha bluu mkononi. Sikulia. Nilichungulia kutoka chini ya meza kumwangalia mama, nikitumaini kwamba, kama kawaida yake, hajasikia. Kwa sababu kama hajasikia, labda haikusemwa.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama akisikiliza redio. Mashine ilikuwa imenyamaza. Mguu wake ulikuwa hewani juu ya kanyagio na kichwa amekiinamisha, na alisikiliza hadi mwisho, hadi wapwa na wajukuu. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati la mtoto wa mtu. Akaniita kwa jina, lile la nyumbani, akanikumbatia muda mrefu kuliko alivyowahi. Alinuka chaki ya kupimia. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, wangu pia, nami nikajua kwamba sasa tunajua wote wawili.

Nimefikiria sana kwa nini hakuniambia kitu. Habari ilikuwa imefika Jumapili. Baba mdogo alikuja, wakazungumza na baba pale bombani, na baba akaondoka jioni hiyohiyo, nami nikaambiwa ameenda shamba kusaidia kuvuna maharagwe. Kwetu watoto hawakuambiwa kifo. Walipelekwa kwa jirani, wakapewa mandazi. Na mama hakuhofia redio hata kidogo. Yeye hakuisikia siku zingine, akaamini mimi vilevile siisikii.

Wanaosomwa redioni hufa baada ya kuugua kwa muda mfupi. Maneno hayo niliyajua kwa moyo kama wimbo wa shule ya vidudu. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilianza kujichunguza, na haikunichukua muda kukuta kikohozi. Kilikuwa kidogo, kama cha yule mzee wa mayai. Nilipokohoa mama alinitazama, akanipikia uji, na uji haukupita kooni.

Kulala nako nilikukataa. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema fulani amelala, na baadaye fulani huyo haamki. Nilijibana kwenye kona ya kitanda macho wazi, nikijichuna mkono kila kope zikilegea, na asubuhi mkono ulikuwa na alama nyekundu ambazo mama alidhani ni kunguni. Akatoa godoro nje akalipiga fimbo.

Kulikuwa na tumaini moja tu. Niliwahi kumsikia mtu wa redio akiomba radhi. Alisema tangazo lililosomwa hapo awali lilikuwa na kosa, akalisoma upya. Kwa hiyo yeye hukosea! Nilihama chini ya meza nikakaa moja kwa moja mbele ya redio, goti kwa goti, nisubiri aombe radhi yangu. Nilikaa hapo Jumatano nzima na Alhamisi nzima. Sikwenda kucheza. Nilienda choo mbio nikarudi mbio. Mama aliwaambia wateja, kwa shukrani, kwamba hajui angefanya nini bila redio wiki hiyo, maana mtoto hata hamsumbui.

Hakuomba radhi. Jumatano alasiri nilisomwa tena, na Alhamisi tena.

Alhamisi hiyo baba alirudi kuchukua blanketi na sufuria kubwa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Aliketi kitandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona mchana bila unga usoni, akaonekana mtu mwingine, mweusi na mzee. Mama alimpa chai. Hakuinywa.

"Mwaitu ametuacha haraka," akasema. "Sikujua itakuwa haraka hivi."

Mtu mmoja tu duniani ndiye niliyemsikia baba akimwita mwaitu. Nilitaka kutoka nyuma ya pazia nimwambie bado niko. Lakini niliogopa akiniona ataogopa, kwa hiyo nikabaki, nikaushika mdomo kwa mikono miwili ili nisikohoe.

Ijumaa mama alinipima. Alitoa futi yake, akaniweka wima mlangoni, akapima kutoka begani hadi chini ya goti, kisha kifua, kisha akaandika kwenye kipande cha karatasi. Mwisho wa barabara yetu kulikuwa na seremala wa majeneza, na huyo pia nilimjua anavyofanya: kwanza huuliza urefu. Nilisimama wima kabisa. Nilikuwa natetemeka hadi mama akaniuliza kama nasikia baridi. Nguo aliyonishonea ilikuwa ya kitambaa cheupe, yenye mkanda nyuma, nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nilipoijaribu nilijikojolea. Mama hakunichapa. Hilo nalo lilinitisha, maana siku zingine angenichapa.

Mama mwenye ploti aliingia akakuta nakataa dawa ya kifua, meno nimeyauma. Akatikisa kichwa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, kama anavyoambiwa mtoto yeyote mkaidi.

Nikafungua mdomo nikameza kijiko chote, na kingine, nikaomba cha tatu. Wakacheka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kumfariji mama, wakaniwekea mikono kichwani mmoja baada ya mwingine, wakaniita kwa jina na kusema pole. Mmoja wao aliniangalia usoni akamwambia mwenzake, "Ona vile ametulia. Huyu anajua."

Jumamosi tulifika Kathiani asubuhi. Nyumba ya Susu ilikuwa imejaa watu hadi kwenye migomba, na mashine ya kupaazia sauti ilikuwa imefungwa kwenye mti, kwa hiyo msema-mambo, yule mwenye kuongoza mazishi, aliposema tu jambo, lilirudi kutoka ng'ambo ya bonde. Sauti yake ilikuwa ya redio. Nilimtafuta Susu kwa macho. Nilitaka kukaa naye kabla ya wakati kufika, kwa sababu Susu alikuwa na mfuko wa karanga na hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Sikumwona popote. Nilipomuuliza shangazi, alilia akanipa mandazi.

Waliokuwa wakiutazama mwili waliingia nyumbani kwa mstari, na sisi watoto tukazuiwa nyuma ya jikoni. Tulipoachiliwa, sanduku lilikuwa limefungwa tayari kando ya shimo. Nilijua ni langu na kwamba liko tupu. Niliona ni kubwa. Nakumbuka nilishukuru kwamba ni kubwa, sitabanwa.

Kwa ukoo wetu, anayebeba jina la marehemu ndiye hutupa udongo wa kwanza, mkono wa mtoto kabla ya majembe ya wanaume. Ni jambo la heshima, na kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi. Msema-mambo akaniita. Aliniita kwa majina yote matatu, kwa ile sauti, na bonde likaniita pia. Watu wakagawanyika pande mbili wakanipa njia.

Ningekimbia, nyinyi mnaosoma mngenishangilia. Sikukimbia. Nilikuwa mtoto mtulivu. Nilivua viatu vipya nikaviweka pamoja kando ya majani, kwa sababu binamu yangu mdogo angeweza kuvivaa, nikatembea miguu mitupu hadi pale mama aliposimama kunipokea. Nikamvuta kanga ili ainame.

"Nilale sai," nikamuuliza, "ama wamalize kuomba kwanza?"

Hakuelewa. Akaniuliza nilale wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile, wala sitaki kuuona tena. Mama alininyanyua mbele ya umati wote, mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia, akanibeba akipita katikati ya watu bila kusema samahani kwa yeyote, na msema-mambo akabaki anaita jina langu mara ya pili na ya tatu. Aliniingiza jikoni kwa Susu, akafunga mlango, akapiga magoti juu ya majivu.

"Nani alikuambia umekufa?"

"Redio."

"Redio gani?" akauliza. Kweli kabisa, aliuliza redio gani.

Ndipo akaniambia. Aliuweka mkono wangu kifuani pangu nisikie kunavyogonga, akaniambia Susu alikuwa na jina, na jina lake ndilo langu, na aliyelala ni Susu, na mimi nitaenda nyumbani kesho. Alirudia mara nyingi. Nami nitasema kitu ambacho sikumwambia mama hadi yeye mwenyewe alipokufa: nilifurahi. Nilimpenda Susu na karanga zake, na niliposikia ni yeye badala yangu nilifurahi hadi nikacheka pale majivuni, kisha nikatapika. Udongo nilikuja kuutupa baadaye, baba akinishika mkono. Ulikuwa mwekundu na wenye baridi.

Tulirudi Machakos Jumapili. Mama alipofungua mlango mkono wake ulienda kwenye redio wenyewe, kwa mazoea, ikalia, na mimi nikajificha chini ya meza kabla hata sijajua nimejificha. Akaizima. Kukawa kimya hadi nikasikia watu wakichota maji bombani. Alijimiminia chai, akaketi kwenye kiti chake cha cherehani.

"Na ni nini ingine umesikia kwa hii kitu?"

Nikamwambia. Nilianza na basi la mtoni kwa sababu ndilo lilikuwa la zamani zaidi. Nikamwambia watoto wa uyoga, na mtu wa kuku, na yule msichana wa bwawani, na mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba, na ugonjwa wa ng'ombe ambao ungeingia kwa watu. Niliyajua kwa mpangilio, na vijiji vyao, na nani waliachwa. Kila moja nilipolimaliza mama aliuliza swali lilelile.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo kwa mashine."

Chai ikapoa. Aliteremka kutoka kitini akaja kukaa chini sakafuni nami, mgongo ukutani, na bado sikuwa nimemaliza. Baba alirudi kutoka kumshukuru mama mwenye ploti, akasimama mlangoni akijaribu kusikia tunazungumza nini, mama akampungia mkono aende.

Nisidanganye kwamba yaliisha siku hiyo. Nimekuwa mwanamke wa kuzima. Nikiingia nyumba ya watu nikute televisheni inabweka peke yake sebuleni na mtoto amelala mbele yake kwenye zulia, huwa siwezi kukaa, mikono inanitoka jasho. Wenyeji wangu wananiona mjuaji, na wengine wamenifichia rimoti. Hiyo ni juu yao. Kimya chenyewe pia nilikiogopa kwa miezi mingi, maana ukizoea kutishwa na kitu, kikinyamaza unajua kinajipanga.

Na redio yetu ilizimwa, lakini ukuta ulikuwa wa mbao. Jumatatu ile ya kwanza wateja walimuuliza mama kama redio imekufa, naye akasema imechoka. Alasiri, nikiwa na vifungo vyangu, kile kinanda cha polepole kikapenya kutoka chumba cha jirani, wazi kabisa, kana kwamba ukuta haupo. Nilikauka. Sauti ikaanza kusema inasikitika kutangaza.

Mama aliinua macho akanitazama chini ya meza. Akavuta kiti, akaweka mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza kuunguruma kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia, meza nzima ikitetemeka juu ya kichwa changu, hata vifungo vikirukaruka sakafuni. Haikupumzika hadi matangazo yakaisha. Nilidhani ana sare za haraka. Kesho yake saa ileile akafanya vilevile, na keshokutwa yake, wiki baada ya wiki, hata siku alizosema mgongo unamuuma, hata siku ambazo kazi haikuwepo.

Siku moja kifungo kiliviringika hadi upande wake, nikatoka kukiokota katikati ya ile ngurumo, nikainua kichwa. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka. Chini yake hakukuwa na kitambaa, wala uzi haukuwa umetungwa. Mama alikuwa ametazama mbele ukutani, uso umelowa jasho, mguu unakanyaga. Nilirudi chini ya meza nikaendelea na vifungo.